Seli B huombaje msaada kwa seli T? Uzi kwa wanaosoma baiolojia na kwa wenye kadi za kliniki

Darubini wa Pasua (Moshi), mwanzisha uzi

Salaam kwenu nyote. Mpwa wangu anasoma mchepuo wa PCB, kidato cha sita. Alipokuja likizo alinionyesha mchoro katika daftari lake: duara lenye herufi T, duara lenye herufi B, na mshale mmoja unaotoka T kwenda B. Chini yake ameandika sentensi ambayo hata mimi niliikariri zamani, kwamba seli T saidizi huziamsha seli B (zote mbili ni chembe nyeupe za kinga) ili zitengeneze kingamwili. Akaniuliza, “Mjomba, seli T inajuaje ni seli B ipi ya kuamsha, wakati mwilini zimo kwa mamilioni na kila moja ina kipokezi cha namna yake?” Nimekaa kwenye meza ya maabara zaidi ya miaka ishirini nikihesabu chembe na kupima makundi ya damu, na bado swali hilo lilinifanya niweke kikombe cha chai chini. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, na sasa nalileta jibu hapa ili wenye ujuzi zaidi walisahihishe.

Nianze na kuku, kwa kuwa herufi B yenyewe ilitoka kwa kuku, ingawa vijana wengi huamini kwamba ilitokana na jina la Kiingereza la uboho wa mifupa. Juu kidogo ya tundu la kutolea kinyesi la kuku kipo kifuko kiitwacho bursa ya Fabricius. Katika miaka ya 1950 Bruce Glick, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, alikuwa akiwakata vifaranga kifuko hicho ili ajue kina kazi gani, na hakuona tofauti yoyote ya maana. Mwenzake Timothy Chang akaazima baadhi ya kuku hao kwa ajili ya somo la kuwaonyesha wanafunzi jinsi kingamwili zinavyotokea baada ya kuchomwa antijeni, yaani kitu kigeni ambacho kinga hukitambua, ya bakteria Salmonella. Somo likaharibika, kwa sababu waliokuwa wamekatwa bursa hawakutoa kingamwili. Walipoandika matokeo yao, jarida la Science liliyakataa, na mwaka 1956 yakachapishwa katika jarida la mambo ya ufugaji wa kuku, ambalo wataalamu wa kinga ya binadamu hawakuwa na desturi ya kulisoma.

Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya waliotolewa thaimasi mara baada ya kuzaliwa hukua bila kinga ya kutosha. Thaimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, na ndiyo iliyotoa herufi T. Zikawa koo mbili za seli, na hakuna aliyejua kama zina uhusiano wowote. Mwaka 1966 Henry Claman na wenzake huko Denver waliwapiga panya mionzi iliyoangamiza seli zao za kinga, kisha wakawapa wengine seli za thaimasi peke yake, wengine seli za uboho peke yake, na wengine zote mbili kwa pamoja, huku chembe nyekundu za damu ya kondoo zikiwa ndiyo antijeni. Waliopewa zote mbili walitoa kingamwili nyingi kupita jumla ya makundi yale mengine mawili. Miaka miwili baadaye Miller, ambaye sasa alikuwa Melbourne pamoja na Graham Mitchell, akathibitisha kwamba seli zinazotengeneza kingamwili hutoka kwenye uboho, na kwamba zile za thaimasi hazitengenezi kingamwili yoyote. Kazi yao ni kusaidia.

Kusaidia kwa njia gani? Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Mwingereza Avrion Mitchison, lililochapishwa mwaka 1971. Alichukua kemikali ndogo ambayo peke yake haiamshi kinga, akaibandika juu ya protini. Panya aliyekwisha kuizoea kemikali hiyo juu ya protini fulani, akichomwa tena kemikali ileile juu ya protini ngeni, hujibu kwa unyonge. Lakini kemikali ikirudi juu ya protini ileile ya kwanza, hujibu kwa nguvu. Maana yake ni kwamba seli B ilikuwa ikiitambua kemikali, seli T ilikuwa ikiitambua protini, na msaada ulipita pale tu ambapo vitu hivyo viwili vimeshikamana. Ukiviweka katika bomba moja la sindano bila kuvibandika, msaada haupiti.

Sasa tuingie ndani ya tezi, ile inayovimba chini ya kwapa au kinenani tukaiita mtoki. Humo seli B hukaa katika mitaa yao na seli T katika mitaa yao. Antijeni inapofika, seli B yenye kipokezi kinachoifaa huishika nzimanzima, jinsi ilivyo. Mshiko huo ndio ishara ya kwanza. Seli B haiishii hapo: huimeza antijeni pamoja na kipokezi chake, huikatakata, na vipande vifupi vya protini huvipandisha juu ya utando wake vikiwa vimepakatwa na molekuli za MHC za daraja la pili, ambazo kazi yake ni kuwaonyesha seli T vipande hivyo. Kisha huhama kuelekea mpaka wa mtaa wa seli T. Upande wa pili, seli T saidizi iliyokwisha kuamshwa na seli za dendriti (seli za kinga zinazoziletea seli T vipande vya antijeni) kwa antijeni hiyohiyo nayo huteremka hadi mpakani. Wanakutana hapo, katika siku chache za mwanzo.

Seli T haina uwezo wa kuitambua antijeni nzima. Husoma vile vipande vilivyopakatwa tu. Ikikuta kipande inachokijua, hung'ang'ania seli B, huchomoza juu ya utando wake protini iitwayo CD40L, ambayo hujifunga kwenye CD40 ya seli B, na wakati huohuo humwaga saitokini, yaani kemikali ambazo seli hupelekeana ujumbe kwazo, hasa intaleukini 4 na intaleukini 21, zikielekezwa upande ule waliogusana. Haitangazi kwa kipaza sauti tezi nzima isikie. Seli B iliyoshikwa huanza kugawanyika. Majirani zake, ambao hawakuleta kipande, hawapati kitu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kwamba seli T haijui ni seli B ipi ya kuamsha na wala haina haja ya kujua. Seli B ndiyo inayokwenda na ushahidi mkononi. Mwaka 1985 Antonio Lanzavecchia alionyesha jambo hilo kwa seli za binadamu: seli B yenye kipokezi cha antijeni fulani huweza kuikusanya na kuionyesha kwa seli T hata pale antijeni ikiwa chache maelfu ya mara kuliko kiasi ambacho seli B nyingine ingekihitaji. Kipokezi kinafanya kazi ya ndoano, na seli isiyo na ndoano hurudi mikono mitupu. Mnaoona nimekosea, karibuni.

Mweka Hazina wa Sakina (Arusha)

Asante, mkuu. Mimi si mtu wa sayansi, ila nimesoma mara mbili na nimepata picha. Katika kikundi chetu cha VICOBA sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake hata akiwa na shida ya namna gani. Nimeelewa kwamba seli B ina ufunguo wake, ambao ni kuishika antijeni. Seli T ina wa pili, hiyo CD40L. Na saitokini ni ufunguo wa tatu. Je, nimeelewa sawasawa, au nimerahisisha kupita kiasi?

Darubini wa Pasua

Umeelewa sababu ya kuwepo kwa kufuli, nayo ni nusu kubwa ya jambo lenyewe. Vipokezi vya seli B hutengenezwa kwa kuchanganya vinasaba kama karata, na zaidi ya hapo hubadilikabadilika tena baadaye, kwa hiyo haikosi kutokea seli B inayoshika kitu cha mwili wenyewe. Seli T kwa upande wake hupitia thaimasi, na nyingi kati ya zile zinazoshika vitu vya mwili kwa nguvu hufia mlemle. Kumnyima seli B ruhusa ya kufungua sanduku peke yake ni tahadhari ya busara.

Mahali ambapo mfano wako unapungua ni hapa: wenye funguo wenu watatu wanalitazama sanduku moja na wote wanaliona vilevile. Seli B na seli T hazioni kitu kimoja. Kwa sisi wa Moshi nafikiri mnada wa kahawa unatoa picha iliyo karibu zaidi. Aliyelishika gunia anachota sampuli, sampuli inakaangwa, inasagwa, inafika mezani kwa mwonjaji. Mwonjaji hajaliona gunia, wala hahitaji kuliona, lakini neno lake linaangukia gunia lile ambalo sampuli ilitoka, na si gunia jingine lililo kando yake ghalani. Seli B ndiye mwenye gunia. Seli T ndiye mwonjaji. Na kahawa ikishakaangwa na kusagwa haifanani tena na iliyo guniani, kama vile kipande cha protini kilichokatwa kutoka tumboni mwa kirusi kisivyofanana na sehemu ya nje ambayo seli B iliishika.

Mkulima wa Kibosho

Kwa heshima, mzee wangu, mwonjaji wa kahawa hupewa pia punje mbichi aziangalie ukubwa na rangi kabla ya kuonja. Usimfanye kipofu. Mengine yote nakubali.

Darubini wa Pasua

Nimepokea. Seli T ni mwonjaji aliyenyimwa punje mbichi.

Muuguzi wa Tengeru

Naomba kuchangia kutoka chumba cha chanjo, kwa sababu jaribio la Mitchison analolipenda mwanzisha uzi tunalifanya kila wiki mapajani mwa watoto bila kulitaja jina.

Chanjo ya pentavalenti tunayowapa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ina kinga dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria aitwaye Haemophilus influenzae aina ya b, ambaye wengi wanamfahamu kwa kifupi cha Hib na ambaye huleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto wadogo. Bakteria huyu amevaa ganda la sukari. Kingamwili zinazomlinda mtoto ni zile zinazolishika ganda hilo. Lakini sukari haikatwi ikawa vipande vya protini, na molekuli za MHC haziwezi kuipakata ikasomwa kwa njia ile iliyoelezwa hapo juu. Seli B ya mtoto inaishika sukari vizuri kabisa, inafika mpakani, na haina cha kumwonyesha seli T. Mtu mzima anaweza kujitahidi hata bila msaada huo. Mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi. Chanjo za kwanza za Hib, zilizoanza kutumika Marekani mwaka 1985, zilikuwa za sukari tupu, na hazikuwafaa watoto wachanga, ambao ndio hasa waliokuwa wakifa.

Dawa yake ilikuwa kubandika. Sukari ya Hib ilifungwa kwenye protini, na katika chanjo nyingi za pentavalenti protini hiyo ni sumu ya pepopunda iliyofubazwa. Seli B inayoishika sukari inameza vyote viwili, inakata pepopunda, inaonyesha vipande vya pepopunda, na seli T zinazojua pepopunda zinaipa msaada. Seli T haijui kwamba imesaidia kutengeneza kingamwili ya Hib! Wazo la kufunga sukari kwenye protini ni la zamani, maana Oswald Avery na Walther Goebel walilijaribu mwaka 1929, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kujua kuna seli T. Tanzania ilianza kutumia pentavalenti mwaka 2009, na chanjo ya nimonia ya nyumokokasi, ambayo nayo ni sukari iliyofungwa kwenye protini, ikafuata miaka michache baadaye.

Kina mama huniuliza kwa nini sindano tatu. Jibu langu fupi kwao ni kwamba ya kwanza inafundisha na zinazofuata zinakazia. Jibu refu nitamwachia aliyeanzisha uzi.

Darubini wa Pasua

Dada muuguzi, umenitangulia mahali nilipokuwa naelekea, na umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Jibu refu liko katika kile kinachotokea baada ya mpakani. Baadhi ya seli B zilizopata msaada hugeuka upesi kuwa seli za plazma na kumwaga kingamwili za mwanzo, nyingi zikiwa za daraja la IgM. Nyingine hurudi katika mtaa wao pamoja na seli T chache zilizobobea kwa kazi hiyo, wakaanzisha kitu ambacho mimi hupenda kukiita kitalu, kwa sababu kinafanana na vitalu vya miche ya kahawa: unapanda mingi, unakagua, unang'oa mingi, unabakiza iliyo bora. Mjerumani Walther Flemming aliviona vitalu hivyo kwa darubini tangu miaka ya 1880.

Ndani ya kitalu seli B hugawanyika kwa kasi ya ajabu, na kimeng'enya kiitwacho AID hukwaruza jeni za kipokezi chake kwa makusudi, ili kila binti atoke na kipokezi kilichobadilika kidogo. Mabadiliko mengi ni ya hasara, machache ni ya faida. Seli B iliyopata kipokezi kinachoshika vizuri zaidi hunyakua antijeni nyingi zaidi, huonyesha vipande vingi zaidi, na hupendelewa na seli T, ambayo hupita kwa moja baada ya nyingine na kukaa na kila moja dakika chache tu. Inayokosa msaada hufa. Hivyo seli T inachuja ubora wa kipokezi ambacho yenyewe haiwezi hata kukiona, kwa kuangalia tu wingi wa sampuli mezani. Kila nikifikiria jambo hili huona kwamba maneno “huamsha seli B” hayalitendei haki.

Kimeng'enya hichohicho, kikisukumwa na ishara ya CD40 na saitokini, huwezesha seli B kubadili daraja la kingamwili kutoka IgM kwenda IgG, IgA au IgE bila kubadilisha kile inachokishika. Intaleukini 4, kwa mfano, huvuta kuelekea IgE, ile ya minyoo na ya mzio. Kitalu huchukua kama wiki moja kuanza na huendelea kwa wiki kadhaa, na kinaacha seli za kumbukumbu. Sindano ya pili inazikuta seli hizo, na seli T zenye kumbukumbu zikiwa tayari, kwa hiyo kingamwili hupanda mapema, juu zaidi, na zikiwa na mshiko bora.

Daktari wa Njiro (Arusha)

Ndugu Darubini, uzi ni mzuri, ila naona unaelekea kuwaaminisha wasomaji kwamba seli B haifanyi lolote bila seli T. Si kweli kwa antijeni zote. Kitu chenye umbo moja linalojirudia mara nyingi, kama ganda la sukari la bakteria, huweza kuvivuta vipokezi vingi vya seli B kwa mpigo mmoja, na mvuto huo ukatosha kuiamsha, hasa kwa seli B zinazokaa kwenye bandama. Ndiyo sababu mtu aliyeondolewa bandama, tuseme baada ya ajali ya pikipiki, anahitaji kuchanjwa dhidi ya nyumokokasi na kuonywa asipuuze homa. Msaada wa seli T ni sharti pale antijeni inapokuwa protini. Tofauti nyingine ni kwamba majibu yasiyo na msaada huwa ya IgM kwa sehemu kubwa, mshiko wake hauboreki sana, na kumbukumbu yake ni haba.

Kuna ugonjwa adimu unaothibitisha yote haya kwa uchungu. Watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya CD40L, iliyo kwenye kromosomu X, wana seli B na wana seli T, hesabu zao huweza kuwa za kawaida, lakini mazungumzo ya mpakani hayafanyiki. Damu yao ina IgM ya kawaida au nyingi kupita kiasi, huku IgG na IgA zikiwa chache mno, na ukiangalia tezi zao hukuti vitalu. Chanzo hicho kilifahamika mwaka 1993. Huugua nimonia za mara kwa mara, hata za vimelea ambavyo mtu mwenye kinga timamu huvishinda bila kujua.

Darubini wa Pasua

Dokta, nakubali kosa, na linaniuma kidogo kwa sababu ushahidi wake ninaushika kwa mikono yangu kila siku. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B ingawa hajawahi kuongezewa damu. Alama za A na B ni sukari. Bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana nazo, na seli B huzijibu bila kuhitaji msaada mwingi, hivyo kingamwili hizo nyingi ni IgM. Mtoto mchanga bado hajazitengeneza za kwake. Huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita hivi. Ndiyo maana kundi la damu la mtoto mchanga tunalisoma kwenye chembe peke yake, hatutafuti kingamwili katika maji ya damu yake.

Rhesus ni habari nyingine kabisa. Alama ya D ni protini. Mama asiye nayo hatengenezi kingamwili yoyote hadi damu yenye D imwingie, kwa kawaida wakati wa kujifungua mtoto aliyeirithi kwa baba, na hapo seli zake B hupata msaada wa seli T, huunda vitalu, hubadili daraja hadi IgG. IgG huvuka kondo la nyuma, IgM haivuki. Mtoto wa kwanza hutoka salama, wa pili akawa hatarini. Nimeeleza tofauti ya ABO na Rhesus kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mara nyingi, na sikuwahi kuwaambia kwamba sababu mojawapo kubwa ni seli T.

Abiria wa Kwa Sadala

Shikamooni wakubwa. Nina swali ambalo limenisumbua muda mrefu, na naomba nisieleweke vibaya. Katika kliniki za tiba na matunzo tunaambiwa kwamba VVU hushambulia CD4, na nimeelewa hapa kwamba seli T saidizi ndizo hizo zenye CD4. Sasa, kama hizo ndizo zinazosaidia kutengeneza kingamwili, mbona kipimo cha haraka cha VVU chenyewe kinatafuta kingamwili, na kinaonyesha hata kwa mtu ambaye CD4 zake zimeshuka sana?

Daktari wa Njiro

Marahaba. Swali lako ni zuri, na wapo wanafunzi wa udaktari ambao hawajawahi kulifikiria.

Kingamwili dhidi ya VVU hutengenezwa wiki za mwanzo, wakati seli T bado ni nyingi. Kwa mtu mzima mwenye afya CD4 huwa kati ya 500 na 1,500 hivi katika mikrolita moja ya damu, na bila dawa huchukua miaka kushuka chini ya 200. Kwa muda wote huo vitalu vinaendelea kufanya kazi, na baadhi ya seli za plazma zinazotoka humo huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuishi miaka mingi zikimwaga kingamwili bila kuhitaji msaada mpya wa seli T. Msaada ulihitajika wakati wa kuzaliwa kwao, hauhitajiki kila siku.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa mara nyingi ana kingamwili nyingi kupita kawaida ukipima jumla yake, kwa sababu virusi visivyokoma huchokoza seli B mfululizo. Tatizo lake ni ubora. Akikutana na antijeni mpya, au akichanjwa dhidi ya homa ya ini B, majibu yake huwa dhaifu kuliko ya mwingine, maana hiyo ni kazi mpya inayohitaji mpaka, kitalu na seli T zilizo hai. Seli T za kwenye vitalu ni miongoni mwa maficho makubwa ya virusi. Siku hizi dawa huanzishwa bila kusubiri CD4 ishuke, na hiyo ni mojawapo ya faida zake.

Kidato cha Sita (Machame)

Shikamoo mjomba, shikamooni nyote. Mimi ndiye mwenye daftari. Nimesoma uzi wote, na nina swali moja lililobaki. Dada muuguzi ameeleza kwamba seli T ya pepopunda inasaidia seli B ya sukari bila kujua. Kama seli T inaweza kusaidia kitu ambacho haikijui, basi siku moja seli B inayoshika kitu cha mwili wenyewe inaweza kupewa msaada vilevile, mradi kitu hicho kimeshikamana na protini ngeni. Kwa hiyo zile kufuli tatu za sanduku zinaweza kudanganywa?

Darubini wa Pasua

Marahaba, mama. Zinaweza, na umefika mwenyewe mahali ambapo watafiti walifika baada ya kazi ndefu.

Upo ugonjwa wa utumbo uitwao siliaki, unaowapata baadhi ya watu wanapokula ngano. Damu yao ina kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili wao wenyewe, transglutaminasi. Seli T zinazokijua kimeng'enya hicho hazionekani. Zinazoonekana ni zile zinazojua protini ya ngano. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kimeng'enya hicho hujishikiza kwenye protini ya ngano kwa sababu ndiyo kazi yake, kuifanyia mabadiliko ya kikemikali. Seli B inayoshika kimeng'enya hukimeza pamoja na mzigo wake, ikakata, ikaonyesha vipande vya ngano, na seli T ya ngano ikatoa msaada kwa nia njema kabisa. Anayeugua huwa na aina fulani za molekuli za MHC ambazo hupakata vipande vya ngano vizuri sana. Akiacha mkate na chapati, kingamwili dhidi ya mwili wake hushuka, ingawa kimeng'enya chenyewe hakijaondoka kokote. Sampuli haifiki tena mezani.

Kidato cha Sita (Machame)

Nimeelewa, mjomba. Nimefuta mchoro wa zamani. Sasa nina mishale miwili.

Darubini wa Pasua

Wa kwanza uanzie kwa B.